Muulize Fundi: Ahadi Zimezidi Meza

Mwezi huu barua zimenikuta na vumbi la Agosti puani na laptopu saba mezani, tano kati yake zikilia kilio kimoja: memori imeisha. Barua nazo ni hivyo hivyo. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu aliyeiandika alifanya jambo ambalo wateja wangu wengi hawafanyi: alipiga picha kioo kabla ya kuzima mashine kwa hasira.

Fundi, mbukwa. Mimi ni karani wa ushirika wa wakulima wa zabibu huku Mpunguzi. Laptopu ya ofisi tuliinunua ya mtumba, RAM 4 GB, diski ya kuzunguka ya 500 GB, Windows 10. Drivu C imegeuka nyekundu, imebaki MB 900, lakini drivu D ina GB 380 tupu. Tangu msimu uanze, kila nikifungua faili la mizani ya wakulima linatoka tangazo kwamba memori pepe imepungua, nifunge programu nisije nikapoteza kazi. Baada ya hapo kishale kinaganda, taa ya diski inawaka moja kwa moja, na wakulima wako nje na kreti zao juani wananitazama mimi. Fundi mmoja wa mjini ameniambia mazabodi imekufa, anataka shilingi 180,000. Kijana wetu wa ofisini anasema nifute memori pepe yote maana ndiyo inayoleta uzito. Nimfuate yupi? Picha hiyo nimeambatanisha.
— Karani, Mpunguzi

Mbukwa, karani. Usimfuate hata mmoja.

Mazabodi, ile bodi kuu ya mashine, ikifa haikutangazii kwa adabu namna hiyo. Inazima, au haiwaki kabisa. Mashine yenye akili ya kukuonya "funga programu, utapoteza kazi" ni mashine nzima iliyobanwa. Hizo 180,000 ziweke, huenda tukazipa kazi nyingine mbele ya safari.

Sasa picha yako. Kidole gumba kimefunika saa, lakini sehemu ninayoitaka inaonekana vizuri. Ulibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ukaenda kwenye ukurasa wa utendaji, ukagusa Memory. Chini pale kuna neno Committed, na mbele yake 4.7/4.9 GB. Barua yako yote imo kwenye namba hizo mbili.

Jirani yangu hapa Majengo ni mama mshonaji, tumetenganishwa na pazia tu. Meza yake inabeba vitambaa vya wateja wanne, si zaidi. Chini ya meza ana kiroba cha sandarusi. Kitambaa ambacho hakishonwi leo kinakunjwa kinaingia kirobani, mwenyewe akija kupima kinatolewa, na cha mwingine kinaingia badala yake. Meza ndiyo RAM. Kiroba ni faili lililofichwa ndani ya diski, linaitwa pagefile.sys. Mpango mzima wa meza na kiroba, ambapo mteja hajui wala hahitaji kujua kitambaa chake kimelala wapi, huo ndio memori pepe.

Lakini mama ana kitu cha tatu ambacho watu hawakiangalii: daftari. Mteja akitoa kianzio anaandikwa, hata kama kitambaa bado kiko dukani. Ni ahadi. Windows nayo inaandika vivyo hivyo. Programu ikiomba nafasi, Windows inaihesabu kuwa imeshatolewa hata kama programu yenyewe haijaitumia. Hiyo 4.7 ni ahadi zilizoandikwa. Hiyo 4.9 ni meza na kiroba vikijumlishwa, mwisho wa uwezo wa kuahidi. Wewe umebakiza 0.2, halafu unafungua faili la mizani! Hapo Windows haina njia ila kukataa oda.

Na sasa hesabu ya kujua tatizo liko wapi. RAM inayoweza kutumika kwenye mashine yako ni 3.9. Toa kwenye 4.9, inabaki 1.0. Kwa hiyo kiroba chako ni GB moja tu, na hili si la kawaida. Windows ikiachwa ijipangie, inaruhusu faili lile kukua hadi mara tatu ya RAM, au GB 4 kama hiyo ndiyo kubwa zaidi, ilimradi lisizidi sehemu moja ya nane ya ukubwa wa drivu. Hata kama C yako ni ya GB 60, lingeweza kufika GB 7 na kitu. Kuna mtu, pengine kabla laptopu haijafika kwenu, alilifunga kwenye MB 1,024. Mashine za mtumba huja na siri kama hizi. Niliwahi kuikuta moja ina picha za harusi ya watu wa kaskazini ya dunia, theluji hadi magotini.

Kijana wenu naye nisimcheke, maana ushauri wake niliwahi kuutoa mimi. Mwaka 2012 nilikuwa mjuaji. Nilisoma mahali kwamba ukiondoa kiroba mashine inakimbia, kwa sababu kila kitu kinabaki kwenye RAM. Nikaondoa kwenye laptopu ya binti mmoja wa chuo. Siku mbili kweli ilikimbia. Siku ya tatu alifungua tasnifu yake, brauza na programu ya takwimu kwa pamoja, ahadi zikagonga ukuta, na programu zikaanza kufungwa moja baada ya nyingine. Kurasa kumi na moja zilikuwa hazijahifadhiwa. Alikuja kibandani hakupiga kelele, alikaa kwenye benchi akaniangalia tu. Nilimtengenezea bure mwaka mzima, na bado nikimwona Nyerere Square nabadilisha upande wa barabara. Ukimnyang'anya mama kiroba, meza haiongezeki.

Fanya hivi. Shikilia kitufe cha Windows ubonyeze R, andika sysdm.cpl, bonyeza Enter. Kwenye dirisha litakalofunguka nenda kichupo cha tatu, Advanced, ubofye kitufe cha mipangilio cha juu kabisa, chenye kichwa cha Performance. Dirisha jingine litakuja, nalo nenda kichupo chake cha pili, na chini kabisa utaona Change. Juu kuna kiboksi cha kuiachia Windows ijipangie kwenye drivu zote; ondoa tiki kama ipo. C iache na MB 1,024 zake, maana Windows inapenda kuwa na kiroba kidogo nyumbani kwake ili ikianguka iandike imeangukia wapi. Kisha gusa D, chagua System managed size, halafu bonyeza Set. Hapo kwenye Set ndipo watu wanapoliwa. Wanabonyeza OK moja kwa moja, wanawasha upya, hakuna kilichobadilika, wanarudi kwangu wakisema nimewadanganya. Set kwanza, OK baadaye, kisha washa upya. Ukiangalia tena ile Committed, namba ya pili itakuwa imepanda.

Usitegemee kasi, lakini. D na C ni drivu mbili kwa jina, chuma kilekile kinachozunguka. Tulichopata ni nafasi.

Kwenye C punguza mizigo. Hamisha folda ya vilivyopakuliwa uipeleke D, na safisha mafaili ya muda kwa kuandika cleanmgr palepale ulipoandika sysdm.cpl. Utakutana na faili kubwa linaitwa hiberfil.sys, la kulaza mashine usingizi mzito. Kwenye RAM yako linaweza kula GB 1.6 hivi. Linaondolewa kwa amri ya powercfg /h off kwenye dirisha la amri lililofunguliwa kwa ruhusa ya msimamizi. Mimi kwenu Mpunguzi ningeliacha. Umeme ukikatika na betri ikikaribia sifuri, faili hilo ndilo linalopokea kazi yako kabla mashine haijazima. Mwenye betri nzuri na jenereta afute.

Sasa nije kwenye mtuhumiwa ninayemshuku kuliko wote, ambaye barua yako ilimtaja ikapita: faili la mizani. Umesema kila ukifungua faili hilo. Hukusema kila ukifungua brauza. Ushirika wenu una wakulima wangapi, mia sita? Faili la majina mia sita na kilo zao lisizidi MB moja. Nenda ukaliangalie. Likiwa MB 40, kuna aliyevuta fomula au mistari ya jedwali hadi chini kabisa ya karatasi. Lifungue asubuhi wakati programu nyingine zote zimefungwa, kisha bonyeza Ctrl na End. Kishale kikitua mstari wa 603, nakuomba radhi. Kikitua mstari wa 1,048,576, ambao ndio mwisho wa karatasi ya Excel, umemkamata. Kila mstari mtupu wenye fomula unachukua nafasi kama mkulima halali. Chagua mistari yote kuanzia ule ulio chini ya mkulima wa mwisho, ifute kabisa kwa kubofya kulia, si kwa kitufe cha Delete ambacho kinafuta maandishi tu na kuacha mapambo, kisha hifadhi, funga, fungua tena.

Nimeona faili la namna hii la duka moja la mahindi Kibaigwa likishuka kutoka MB 52 hadi KB 800. Mwenye duka alidhani nimemwibia data.

Ukishafanya yote, ukaona ahadi zimetulia chini ya 4 lakini mashine bado inajikongoja, tatizo limehamia kwenye mwendo wa diski. RAM inajibu ndani ya nanosekunde mia moja hivi. Diski ya kuzunguka, mpaka kichwa chake kifike mahali panapotakiwa, inachukua milisekunde kumi au zaidi. Ni tofauti ya mara laki moja. Mama mshonaji akiwa na wateja tisa waliosimama mbele yake kwa wakati mmoja, siku nzima anatoa na kuingiza vitambaa kirobani, sindano haijagusa kitu. Ile taa yako isiyopepesa ndiyo hiyo. Hapo sasa zile 180,000 zitoe: SSD ndogo, yaani diski isiyozunguka, kwanza, kijiti cha RAM pili. Na ukiwa na fundi hapo mezani, muulizeni habari ya Windows, maana 10 ilikoma kupewa matengenezo ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na ofisi inayoshika hesabu za watu isikae nayo hivyo.

Fundi, hujambo? Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati, Kondoa. Mjukuu wangu ameniambia nikichomeka flashi ya 32 GB kwenye laptopu, RAM yangu itakuwa 36. Nimemwambia hesabu hiyo hainiingii. Pia naomba kujua, hii memori "pepe" ni uvumbuzi wa hawa vijana wa sasa?
— Mwalimu mstaafu, Kondoa

Shikamoo Mwalimu. Hesabu yako iko sawa, ya mjukuu haina kiwango. Flashi haigeuki RAM. Windows kwa kawaida haikubali hata kuweka kile kiroba kwenye kitu cha kuchomeka na kuchomoa, na ni haki yake, fikiria mtu anachomoa flashi kwenda kusevu wimbo na nusu ya programu zako imo humo. Mjukuu amesikia habari za ReadyBoost, iliyokuja na Windows Vista mwaka 2007. Hiyo ilikuwa inaweka kwenye flashi nakala ya vile vinavyosomwa mara kwa mara kutoka kwenye diski, ili diski ipumzike kidogo. RAM ilibaki ileile.

Swali la pili nimelifurahia. Uvumbuzi ni wa zamani kuliko mimi. Kompyuta ya Atlas, iliyojengwa na Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, pamoja na kampuni ya Ferranti, ilianza kazi rasmi Desemba 1962. Timu ya Tom Kilburn ilikuwa na shida ile ile ya karani wa Mpunguzi. Memori yao ya kasi ilibeba maneno ya kompyuta (vipande vya data vya urefu mmoja) 16,384 tu, lakini walikuwa na pipa la sumaku linalozunguka lenye nafasi ya maneno 98,304. Wakazigawa zote katika kurasa za maneno 512, mashine yenyewe ikawa inahamisha kurasa baina ya pipa na memori, na mwandika programu akaona kitu kimoja kirefu kisicho na mshono. Kabla ya hapo mwandika programu alikuwa akipanga kuhamisha huko kwa mkono, kipande kwa kipande. Ukurasa wa siku hizi kwenye laptopu nyingi ni baiti 4,096, na jina halijabadilika. Ndiyo maana faili letu linaitwa pagefile.

Mjukuu mpigie hesabu hii Mwalimu: 98,304 gawanya kwa 512. Akikupa 192 mnunulie soda.

Kaka fundi, habari za kazi. Nilinunua RAM ya 8 GB DDR3 nikaichomeka mwenyewe badala ya ile ya 4. Laptopu ikapiga mlio tu, haikuwaka. Nikarudisha dukani wakanibadilishia, ya pili ikakubali, lakini kompyuta inasema inatumia 3.4 tu na lile tangazo la memori bado linatoka. Nimeibiwa?
— Mfanyabiashara, Singida

Hujaibiwa, ndugu yangu. Ulikutana na mambo mawili yasiyohusiana yakafuatana.

La kwanza ni volti. DDR3 ya kawaida inakula volti 1.5. DDR3L inakula 1.35. Umbo lao ni moja, pini 204, pengo mahali pamoja, kwa hiyo zote zinaingia vizuri na kubana. Laptopu nyingi za kuanzia kizazi cha nne cha prosesa za Intel zinataka ile yenye L peke yake, ukiipa nyingine inapiga mlio. Kwenye stika tafuta PC3L. Siku nyingine chomoa ya zamani uende nayo dukani mkononi.

La pili, 3.4. Bofya kulia kwenye Kompyuta hii, fungua sifa zake, usome mstari unaotaja aina ya mfumo. Nakuwekea dau la chipsi mayai kwamba imeandikwa 32. Windows ya biti 32 ina anwani za GB 4 tu za kugawa, na sehemu ya anwani hizo inakwenda kwa kadi ya picha na vifaa vingine. Hata ukichomeka 16 itaona zilezile tatu na ushei. Dawa ni kuweka Windows ya biti 64 upya, ambayo haipandi juu ya hiyo ya 32 bali inaanza kwa kufuta. Toa nakala ya mafaili yako kwanza. Na fundi akikwambia ataigeuza bila kufuta, chukua laptopu yako uondoke.

Fundi, niko chuo hapa Dodoma, natumia Linux Mint kwenye laptopu ya RAM 4 GB. Nikifungua QGIS, programu ya ramani, na ramani za setilaiti, programu inatoweka ghafla. Haisemi kitu, haiombi msamaha. Windows ya mwenzangu angalau inaonya.
— Mwanafunzi wa jiolojia

Linux haina maneno mengi. Memori ikiisha, kiini cha mfumo kinatafuta programu iliyonona kuliko zote kinaichinja, wengine waishi. Fungua tamino (Terminal, dirisha la amri) uandike free -h. Nahisi mstari wa Swap, yaani kiroba cha Linux, utakuonyesha 0.

Kama ni 0, tengeneza faili la kiroba, amri moja baada ya nyingine:

sudo fallocate -l 4G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile

Kisha, ili lisisahaulike ukizima, ongeza mstari huu mwishoni mwa faili la /etc/fstab:

/swapfile none swap sw 0 0

Washa upya, andika tena free -h. Swap ikisoma 4.0Gi, fungua ramani zako, ila brauza ifunge kwanza. Ikisoma 0, rudi kwenye fstab ukaangalie herufi, hasa ule mkwaju wa mwanzo kabisa.